Daftari Lililotangulia Ajenda

Zena mwanangu,

Salamu naziruka, maana shikamoo yako nimeipokea jikoni asubuhi hii na chai tumekunywa pamoja. Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe na mjomba wako Salehe mmepanda juu kuchukua alama za dole gumba za wazee wasioweza kushuka, na mimi nimeitoa meza nje nikaigeuza ielekee njia, nikuone ukianza kurudi. Nataka niwe nimemaliza kabla hujafika kwenye migomba ya mwisho.

Kesho alfajiri unapanda basi Msamvu kwenda Dodoma. Kila mtu hapa Kilunduni anajua unakwenda kusomea sheria, na kila mtu anajua kilichomo kwenye ile bahasha ya kaki uliyoiweka juu ya begi: maombi yetu ya kutolewa kwenye Manispaa na kurudishiwa kijiji chetu. Ungekuwa unakwenda kusoma tu, barua hii ingekuwa ya blanketi, na usiazime nguo za wenzako, na upepo wa Dodoma unaopasua midomo. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi mwenyewe.

Nina jingine, na sijawahi kumwambia mtu. Ule muhtasari ambao Manispaa wanatutupia usoni kila tunapofungua mdomo, unaosema sisi wenyewe kwa kauli moja tuliridhia kijiji kifutwe tuwe mtaa wao, niliuandika mimi.

Nimeandika hiyo sentensi, nikainuka nikaenda kunywa maji, nikarudi. Bado ipo.

Ulikuwa darasa la tano. Tulikuwa kijiji bado, na mimi nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Mtendaji wetu alikuwa anahudumia vijiji viwili, na siku nyingi alikuwa kile kingine, kwa hiyo mihtasari niliandika mimi. Unajua mwandiko wangu. Walimu waliusifia mpaka namaliza darasa la saba, na baada ya hapo sikumbuki kingine nilichosifiwa.

Mkutano uliitwa wa maji. Ajenda ilikuwa moja, bomba. Desturi yetu unaijua, na mpaka leo haijabadilika: daftari linatangulia. Kabla mwenyekiti hajasimama, kabla hata ya dua, daftari la mahudhurio linaanza kuzunguka, watu wanasaini huku wanaulizana habari za nyumbani. Hakuna anayeuliza anasaini nini. Anasaini kwamba amefika. Wasiojua kuandika nilikuwa nawapitia mmoja mmoja, napaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, nakandamiza.

Bibi yako alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye mkeka wake. Nilipomshika mkono akanitazama.

"Tunaweka vidole vya nini, mwanangu?"

"Kwamba umefika tu, mama."

"Haya. Nimefika kweli, si unaniona?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kidole chake kilikuwa na ufa wa jembe katikati, ukitazama ile alama utauona.

Kuhusu hiyo kauli moja, nikuambie. Siku ile tulibishana kuanzia saa nane mpaka adhana ya magharibi, kama bomba likae msikitini au njia panda. Mjomba wako alikasirika akaondoka mara mbili, na mara mbili akarudi kwa sababu alisahau kofia, kisha fimbo. Tuliachana bila kukubaliana hata kuhusu bomba. Neno Manispaa halikutajwa na mtu.

Wiki moja baadaye alikuja bwana mmoja kutoka mjini, kijana msafi, amefuatana na Kibena, ambaye alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji kama alivyo sasa mwenyekiti wa mtaa. Yule bwana alikaa kwenye kigoda changu, akakataa kiti. Akafungua daftari, akasoma kimya, kisha akamwambia Kibena, "Huyu mama angekuwa ofisini kwetu tungepumzika." Zena, mimi nilikuwa nimetoka shambani, nina udongo mpaka magotini. Mtu wa ofisini ananiambia hivyo. Nilijisikia nimekua kimo.

Akasema muhtasari unahitaji kuandikwa upya kwa utaratibu wa kule, ili bomba lipite haraka. Akawa anasoma, mimi naandika kwenye karatasi zake. Kufungua mkutano. Ajenda ya maji. Halafu ya tatu: wananchi kwa kauli moja wameridhia kijiji kuingia Manispaa na kuwa mtaa. Nikasimamisha kalamu. Nikasema, "Hili hatukulizungumza."

Kibena akasema, "Mama Zena, ni taratibu tu. Maji ya bomba ni ya mjini, lazima tuwe mjini."

Yule bwana alingoja tu, kwa adabu, kalamu yake ameiweka sikioni. Na mimi nikaandika. Nakuambia bila kujitetea: sikutishwa, sikupigwa, sikulewa. Niliona aibu kumkatiza mtu aliyenisifu. Nilipomaliza akachana zile kurasa za mahudhurio kwenye daftari, taratibu kabisa, akazibana pamoja na nilichoandika, akaondoka nazo. Kule mjini wakaupiga chapa, ndiyo maana hujaona mwandiko wangu.

Mwezi haukuisha, bomba likaja. Halikuwekwa msikitini wala njia panda. Liliwekwa hapa, kwenye kona ya uwanja wetu, hatua kumi kutoka mlangoni. Umekua ukinawa hapo. Kila asubuhi watu wanakuja na ndoo, wananiambia Mungu akuzidishie Mama Zena, umetuletea maji. Yale maji yanatoka mlimani kwetu wenyewe, na miaka yote hii nimekuwa nikiitikia amina.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana ndiyo uliyoyaandika kwenye maombi. Watu wa vipimo wakaja na vyuma vyao. Matuta yetu ya ngazi yakawa viwanja vyenye namba. Jiko la mjomba wako likachorwa alama nyekundu. Tukiomba ramani, tunaambiwa tumeridhia wenyewe. Tukiuliza nani atapewa vile viwanja vya juu, tumeridhia wenyewe. Diwani akibanwa naye anajibu hilo hilo na kuingia ndani ya gari. Bibi yako alipofariki tulimzika alipotaka, chini ya mgomba wake, na mwaka uliofuata wakaja kusimika jiwe la mpaka, bikoni, hatua mbili kutoka kichwani pake. Mjomba wako alilia siku ile kwa sauti. Mimi nilishindwa kulia, na watu wakasema Mama Zena ana moyo mgumu. Niliogopa nikifungua mdomo litatoka lote.

Na shamba lenyewe unajua si langu. Kwetu ardhi inapita kwa mama, ni ya lukolo, ukoo wa bibi yako, na kazi yangu ilikuwa kulikalia mpaka wewe na mabinti wa mama zako wadogo mkue. Niliandika kwa mkono wangu nikatoa kitu ambacho hata kukiuza nisingeruhusiwa. Na kilikuwa chako.

Sasa nije kwenye ule mkutano wa miezi mitatu iliyopita, pale uwanja wa shule. Ulisimama katikati ya watu wazima, umevaa lile gauni nililokupunguzia kiuno, ukamwambia ofisa, "Tunaomba tuuone huo muhtasari." Akauinua juu. Akasoma majina. Aliposoma jina la bibi yako watu wakaguna, na wewe ukasema, "Hizi ni sahihi za mahudhurio, mheshimiwa. Nani aliuandika huu?"

Kibena akanitazama. Mimi nikainama nikaanza kutafuta miwani ndani ya mkoba. Nilitafuta sana. Wewe ukanigusa bega ukaninong'oneza, "Mama, miwani umevaa."

Nilikuwa na nafasi pale ya kusimama. Watu wote walikuwepo. Nimeirudia ile dakika mara nyingi nikiwa shambani, na kila mara nasimama, nasema vizuri kabisa, halafu nakumbuka kwamba sikusimama.

Jana ulipokwenda sokoni Kibena alikuja hapa. Alinipigia shikamoo, akaulizia mguu wangu, akasifu magimbi. Kisha akasema, "Mwambie binti aiache ile bahasha. Akasome zake. Serikali inasomesha watoto, haitaki watoto waisomeshe."

Nikamwambia Zena ni mtu mzima.

"Sawa," akasema. "Ila ukichokonolewa huo muhtasari, na sisi tutasema nani aliuandika. Kughushi kuna kifungo, Mama Zena. Na majirani zako hawa wanaochota maji hapa, sijui watakutazamaje."

Akaondoka. Jibu lilinijia akiwa ameshavuka kijito, kwamba gereza la Kingolwira si mbali, wataniletea magimbi na nitalima mahindi ya magereza kwa mwandiko mzuri. Ulipouliza usiku kwa nini sili, nikakuambia tumbo. Nisamehe na hilo.

Basi ndiyo hivyo. Wamenishika kwa siri, na siri hiyo wanaishika ili wakushike wewe. Ukifika Dodoma na bahasha, watauliza lile swali moja: si mliridhia? Utasema hatukuridhia. Wataonyesha karatasi. Utakuwa na neno lako, wao wana karatasi, na wewe umeniambia mwenyewe ofisini kinachoshinda ni karatasi.

Karatasi ipo. Ndani ya kile kikapu cha mbegu, chini ya maharage, nimeweka daftari lenyewe. Sikulitupa wala kulichoma, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni mwandiko wangu. Nilikuwa na tabia ya kuweka namba kila ukurasa, pembeni juu, na kuzungushia duara. Ukurasa wa ishirini na tisa mpaka wa thelathini na mbili haupo, utaona vipande vilivyobaki kwenye mshono. Ukurasa wa thelathini na tatu unaanza: Ajenda, maji. Umo ubishi wote, hadi kofia ya mjomba wako. Sasa chukua ile nakala uliyopiga picha pale shuleni, tazama kona ya juu ya yale majina. Namba zilizozungushiwa duara, ulizodhani ni za faili lao, ni zangu. Zinaanzia ishirini na tisa.

Chukua daftari, na chukua barua hii. Ukiambiwa mama yako atoe ushahidi, nitakuja, nauli nitaitafuta. Utakaosoma nao watakuwa wanajua jina la kosa langu kisheria. Usilipunguze kwa ajili yangu.

Kuna jambo moja tena, na hili ni gumu kuliko yangu, kwa sababu ni lako.

Mwanzoni ulipoanza kukusanya sahihi nilikufuata nyuma kwa siri kama mchawi. Nilikusikia kwa Mzee Mbegu ukisoma maombi yote, mstari kwa mstari, kisha mjomba wako anayarudia kwa Kiluguru, kisha unauliza, "Babu, umeelewa? Una swali?" Naye akauliza maswali mpaka kuku wakaingia bandani, ukayajibu yote, ndipo ukafungua wino. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na aibu vimechanganyika. Nilijiambia huyu hajarithi kwangu.

Halafu Jumamosi kukawa na msiba kule bondeni. Ulirudi umechoka umefurahi, ukasema, "Mama, leo mambo yameenda chap, kurasa mbili zimejaa." Leo mlipopanda nimefungua bahasha yako. Najua si vizuri. Hizo kurasa mbili nimeziona. Zina majina, zina sahihi, na juu hazina kitu. Ni karatasi za mistari, tupu kichwani. Ulizipitisha pale msibani watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka, wakadhani ni orodha ya waliohani. Ulipanga kuzibana nyuma ya maombi, si ndiyo?

Najua ulivyojiambia. Muda umekwisha, na watu hawa wote wanataka kijiji chao, ukiwauliza watakubali. Pengine ni kweli. Mimi pia nilijua watu wanataka maji.

Sijazichana. Nimezitoa nikaziweka hapa mezani chini ya kikombe zisipeperuke. Ukizibana humo, siku mmoja wa wale waombolezaji atakapoitwa aseme alisaini nini, atasema alisaini kwamba amefika, na daftari langu halitakuwa na maana tena. Kibena atacheka mpaka alale. Lakini hata asipoitwa mtu. Fikiria sura ya bibi yako pale mkekani. Sina zaidi ya hapo la kusema, bahasha ni yako.

Huko unakokwenda watakusifu, Zena. Una akili, unaongea vizuri, atatokea mtu msafi akuambie ungekuwa ofisini kwao wangepumzika. Mimi hapo ndipo niliposhindwa, dakika ile moja, nikaishi nayo miaka yote hii. Nakuambia tu ujue pana utelezi hapo, kwa kuwa nilianguka.

Nimekuona. Umetokea kwenye migomba, mjomba wako yuko nyuma amebeba viatu vyake mkononi. Niharakishe.

Nilipanga hivi: barua niiweke chini kabisa ya begi, ndani ya sweta, uikute ukiwa Dodoma, mbali, hasira ziishie huko huko, mimi nipate kukuaga kesho kwa amani. Nilikuwa nimeshaandaa na bahasha yake. Sasa nimeitazama ile bahasha nikaona ni yale yale, natafuta tena miwani iliyo usoni. Nitakupa mkononi ukifika. Utaisoma hapa mezani na mimi nitakaa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kupiga kelele, piga. Watu wa ndoo watakuwa wameshaanza kuja bombani, na wao wasikie.

Kwenye karatasi ya mwisho ya maombi uliniachia mstari wangu. Wiki tatu hukunisukuma, ulisema tu, "Mama, utasaini ukiwa tayari." Ulishaniandikia jina, Mwanahawa Salum, na kwenye safu ya kazi ukaandika mkulima. Maombi yote nimeyasoma leo tangu juu mpaka chini, mara mbili, ndipo nikasaini. Ila ile safu ya kazi nimeiongezea maneno, yamebanana kidogo lakini yanasomeka. Sasa inasema: mkulima, na mwandishi wa muhtasari.

Ni kwa kalamu ya wino. Nimeshapuliza, umekauka.

Mama yako